Matroni Aliyesimama Nje ya Choo

Tarehe 31 Desemba 1958, Bi Waridi binti Muhidini, matroni wa bweni letu hapa Iringa, atakabidhi funguo za kabati la dawa na kustaafu baada ya miaka ishirini na moja ya utumishi. Sherehe ya kumuaga tunaifanya leo, mwisho wa Novemba, kwa kuwa wasichana wanafunga shule wiki hii. Maana yake ni kwamba atakaa mwezi mzima katika bweni tupu, kisha atapanda basi la Mbeya peke yake, aende kuishi katika chumba kimoja kule Ilomba ambako hana anayemjua. Aliyezipanga tarehe hizi sijui alikuwa anafikiria nini. Mimi ni mtunza stoo tu. Nimepewa ukurasa mmoja wa kumsifu, na nitamsifu.

Alikuja mwaka 1937. Tulijua kwamba ni mjane, na kwamba wazee wake walitoka pwani zamani wakaja huku na biashara ya nguo. Zaidi ya hapo hatukujua kitu. Mtu asiyejisemea watu hawamuulizi, wanadhani ndivyo anavyopenda. Alitandika vitanda, alitibu vikohozi, alipigana na chawa akawashinda. Lakini jina lake hapa shuleni limejengwa na matumbo.

Wageni wetu wa leo huenda hawajui shida hiyo. Wasichana wetu wanatoka Idodi kwenye joto, wanatoka Usangu, wanatoka Rungwe kwenye ndizi na maziwa. Wakifika hapa wanakuta ugali na maharage, na maji ambayo mwezi wa saba ukiyatia mdomoni meno yanalia. Mtoto anakunywa kikombe kimoja kutwa, halafu sisi wakubwa tunashangaa kwa nini amefunga choo.

Enzi zile dawa yake ilikuwa moja kwa wote. Jumamosi ya kwanza ya kila muhula wasichana walipanga mstari mbele ya stoo yangu, kila mmoja akapewa kijiko cha mafuta ya mbarika kutoka hospitali na kipande cha chungwa cha kufutia ladha. Ambaye hakufunguka alikorogewa chumvi ya haluli Jumapili. Ambaye haluli nayo haikumfungua alipigwa bomba la maji ya sabuni, na hapo sitaendelea, maana najua mnasoma huku mnakula pilau. Bi Waridi alikuwa na dawa yake ya kwao pia: sanamaki kutoka duka la Mulji mjini, iliyochemshwa na tangawizi. Akina mama wa Idodi nao walituma ukwaju, wakisisitiza kwamba wao wamelea watoto wao wote kwa maji yake bila kuona chupa ya hospitali. Wasichana walimwita Bibi Haluli, wakidhani hajui. Alijua.

Nataka iandikwe kwamba kijiko cha kwanza cha kila Jumamosi alikunywa yeye mwenyewe, mbele ya mstari mzima, bila kukunja uso. Ndiyo sababu hakuna aliyemtuma mjini siku hiyo. Wasichana nao walikuwa na ujanja wao: walibana mafuta mashavuni, wakaitikia salamu kwa kichwa, wakaenda kuyatema nyuma ya stoo kwenye mchicha wangu. Mchicha ule ulinawiri ajabu, na mimi sikuula hata siku moja.

Sasa nifike mwaka 1951. Muhula wa pili tulipokea mtoto kutoka Rungwe, Tupokigwe, mdogo kuliko wenzake wote, mwenye Kiswahili cha kusalimia tu. Zaidi ya wiki ikapita bila kupata choo. Tumbo likawa gumu kama ngoma. Alipewa mafuta ya mbarika akayatapika. Alipewa sanamaki, likamnyonga tumbo akalia mchana kutwa, na kitu hakikutoka. Bomba alilipigania hadi wakamwachia. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Sisi tulikuwa tunazungumzia dawa tu.

Daktari alikuja, akambonyeza taratibu, akasema basi, dawa za kuendesha zisimame, tutamuumiza. Apewe maji ya uvuguvugu, papai na ukwaju, na asubiriwe hadi Ijumaa. Asipopata choo aletwe hospitali, na huenda akapasuliwa. Mwalimu mkuu wa wakati ule akaanza kutafuta lori la kumrudisha kwao, na kwa mwendo wa siku nzima na barabara ile kila mtu aliogopa kwamba asingefika salama. Bi Waridi alikuja stoo kuchukua mapapai.

Vyoo vyetu viko mbali, kwenye miti ya miwati kule mwisho wa uwanja, na kanuni ilikuwa mtoto aende mmoja mmoja na kimya. Alhamisi alfajiri alimpeleka Tupokigwe. Walipofika mlangoni mtoto alishika pindo la kanga, akakataa kuliachia. Bi Waridi alimwingiza, akasimama nje, na kwa sababu hakujua la kufanya akaanza kuongea: habari za mchele, habari za kuku aliyewahi kumfuga, lolote lililokuja mdomoni. Aliponyamaza kuvuta pumzi, sauti ikatoka ndani.

“Upo, Bibi?”

“Nipo, mwanangu. Nipo.”

Ikawa hivyo muda mrefu. Kila akinyamaza anaulizwa kama yupo, anajibu kwamba yupo, anaendelea na kuku wake. Jua lilipotoka mtoto alikuwa amefunguka, na kwenye uji aliomba kikombe cha pili. Baadaye, Kiswahili kilipomkaa, alieleza kwamba kwao hakuwahi kwenda peke yake. Bibi yake alisimama migombani akizungumza naye mpaka amalize. Hakuna aliyemwambia kwamba shuleni angekuwa mwenyewe, gizani, mbali na watu. Maji na papai yalifanya kazi yake, daktari alisema kweli. Lakini mtoto yule alikuwa amefungwa na upweke.

Tangu hapo Jumamosi ya mbarika ilififia, kisha ikafa, na sikumwona aliyeilia. Chupa ilitoka kabatini kwa neno la daktari tu. Mimi nikapewa kazi ya kuchemsha madebe ya maji ya kunywa asubuhi, na mapapai yakawa yanaletwa na lori la Idodi. Na Bi Waridi, akishaswali alfajiri, alijitanda blanketi akaenda kusimama kule kwenye miwati kuzungumza na milango. Miaka saba, baridi kwa mvua.

Hapa ndipo panaponiuma. Kuku na mchele viliisha upesi, kwa hiyo akaanza kuwasimulia maisha yake. Mwaka 1955 msichana wa darasa la sita alikuja stoo kuchukua sabuni, akaniuliza kama ni kweli Matano alikuwa akiimba anaporudisha lori nyuma. Nikamuuliza Matano ni nani. Alinitazama kwa huruma. Matano alikuwa mume wa Bi Waridi, dereva, aliyefia kwenye mteremko wa Kitonga. Walikuwa na binti, Jaha, ambaye hakuwahi kufika umri wa kutembea. Wasichana walijua haya yote, na hata siku ya kuwakumbuka wawili hao, ambayo Bi Waridi hupenda kukaa kimya, waliijua. Sisi wafanyakazi wenzake, tuliokula naye sikukuu zote, hatukuwa na habari.

Likizo ya Agosti mwaka huu nilibaki kuhesabu magunia. Alfajiri moja nilisikia mtu anaongea kule vyooni, nikachukua fimbo nikidhani ni mwizi. Alikuwa yeye, blanketi mabegani. Hapakuwa na mtoto hata mmoja shuleni. Aliponiona alicheka kidogo.

“Mdomo umeshazoea, kaka Liberatus,” aliniambia.

Nikaweka fimbo chini, nikamwomba aendelee. Tulikaa kwenye kisiki mpaka jua likatupata, na mengi aliyonisimulia siyaandiki hapa, kwa kuwa ni yake.

Sasa anaenda Ilomba. Nyumba ilikuwa ya kaka yake Alawi. Alawi ameshafariki, na wapangaji waliomo ni wageni. Wazazi wa Tupokigwe walikuja wenyewe kumwomba akakae nao. Alishukuru sana, akakataa. Alisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na yeye mgongo wa kushika jembe hana tena. Sisi nasi tumemchangia godoro, blanketi jipya na birika. Ni zawadi nzuri, lakini hakuna hata moja itakayomjibu akizungumza.

Basi nina ombi kwa wazazi, na kwa nyinyi wasichana mliokua, ambao wengine mnafundisha Iyunga na wengine mmeolewa Mbeya mjini. Mkipita Ilomba, ulizeni nyumba ya marehemu Alawi. Msimwachie sukari na sabuni mkakimbilia basi. Ingieni, kaeni. Msimuulize kama anahitaji mtu, atasema hahitaji, na atasema vizuri mpaka mtaamini. Maisha yake yote amesindikiza watu, na sijamsikia hata mara moja akiomba kusindikizwa. Kwa upande wangu nimeshaomba ruhusa ya tarehe 31, nami nitapanda basi hilo la Mbeya. Yeye bado hajui; atajua leo akisoma, na atanigombeza.

Bi Waridi, kwa niaba ya wafanyakazi wote, na ya matumbo yote uliyoyahangaikia, tunakushukuru. Mungu akupe afya na usingizi mzuri. Tunakuombea uzee wenye watu.

Liberatus, mtunza stoo