Jina la Mbawakawa wa Mzingani

Kwenye benchi la Shee muuza kahawa, pale Kabati, hakuna anayekaa muda asibatizwe upya. Kivuva aliitwa Wakili kwa sababu aliwahi kuwa shahidi katika kesi ya mbuzi. Nyamai, mshika kapu la sadaka kanisani, aliitwa Askofu. Muthama peke yake hakutaniwa tena. Tangu amzike mwanawe mwaka jana, jina la marehemu halikutajwa hapo. Walisema "yule kijana wetu", kwa heshima, na Muthama mwenyewe hakuwa amelitamka tangu siku ya mazishi. Wema huo ulimuuma kuliko walivyojua, lakini angewaambiaje?

— Wayua amepiga simu, alisema. Anataka jibu leo, kabla ofisi zifungwe.

— Jibu ya nini? aliuliza Wakili.

Muthama akawaeleza polepole. Binti yake Wayua husoma ukoo mmoja wa zamani sana wa mbawakawa. Wengine walikufa kabla hakujawa na watu, wakabaki mawe. Wengine wako hai, wanatoboa magogo mpaka leo. Kazi yake ni kuwapanga, nani ndugu ya nani. Sasa ana mmoja aliye hai ambaye bado hana jina duniani. Yule kijana wetu ndiye aliyemtoa kwenye mzinga wa nyuki uliooza, kule Kilungu kwa babu yake, akamtia ndani ya chupa kumpelekea dada yake.

— Anataka kumpa hiyo mdudu jina ya kaka yake, akamaliza.

Shee akaacha kumimina.

— Lakini atajuaje mdudu wa jiwe na wa mzinga ni ukoo moja? Wakili akauliza. Kuna shahidi?

— Alama. Mbawa zake ziko na matundu madogo, safu kwa safu, kama dirisha ya wavu. Wa jiwe ako nayo, wa Kilungu ako nayo. Si hata baba yangu alichonga alama ya ukoo kwa kila mzinga? Ukiokota kipande msituni, unajua ni ya kina nani.

— Basi wa jiwe ndiye babu, Wakili akahukumu. Sisi mtoto huitwa jina ya babu. Huyu wa Kilungu achukue ya huyo wa jiwe, kesi imeisha.

— Babu gani? Askofu akadakia. Huyo alichelewa safina! Nuhu alifunga mlango, yeye bado anatoboa mti. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na huyu alikuwa nayo sita.

— Mimi nasema hajafa, alisema Shee. Amelala tu, kama wale vijana wa pangoni. Mvumilivu hula mbivu. Siku moja jiwe itapasuka, aamke, aulize bei ya kahawa.

Walicheka, kisha wakamwona Muthama hacheki.

— Kwetu mtu hurudi na mtoto, alisema. Mtoto akipewa jina yako, hujaisha. Yule kijana wetu hakuacha mtoto. Nikimpa mdudu hiyo jina, si nimefunga mlango ya kurudi? Na nikikataa, nani atamtaja?

Muthama alihofu kumpoteza mwanawe mara ya pili, na kila mmoja aliliona hilo usoni pake.

Akaja fundi wa mawe, mikono imejaa vumbi, ambaye hawakuwa wamemwona hapo kabla. Alijitambulisha kuwa Haroun, wa Mwingi, amekuja kwa kazi ya wiki moja. Akapewa kikombe. Aliwasikiliza kidogo, akanywa, akauliza:

— Samahani wazee. Kwani huyo kijana aliitwa nani?

Wakili alitazama barabara. Wote walilijua, lakini hakuna aliyeweza kulisema. Shee akainamisha birika kwa haya, likatoa mashapo matupu.

Muthama aliona hofu yao, akaijua kuwa ni yake. Yeye ndiye aliyewafundisha kunyamaza. Mwaka mzima jina la mwanawe lilikuwa limefungiwa pale kati yao, wala si mdudu aliyelifungia.

— Musyimi, alisema. Alikuwa anaitwa Musyimi.

— Musyimi, alirudia Haroun, kama mtu anavyorudia jina la anayetambulishwa kwake. Pole sana, mzee.

Machozi yalimtoka Muthama mbele za watu, na hakuyafuta.

— Musyimi alipenda kahawa yangu bila sukari, alisema Shee taratibu.

— Na alinibishia kila siku, alisema Wakili. Musyimi huyo!

Muthama akatoa simu, akapiga.

— Wayua, andika.

— Niandike nini, Baba?

— Musyimi, alisema. Na siku ukipata mtoto wa kiume, mpe pia. Jina ya ukoo haimalizwi na mmoja.