Maji Yanachotwa Ngazini

Mimi nauza kahawa kwenye benchi linalotazama ufukwe wa mji, na nimechoka kusikia watu wazima wakijidanganya. Jumatatu hiyo walikaa watatu. Boya, anayekodisha maboya ya kuogelea. Fundi viatu, mjuaji wa kila kitu. Na Chupa, mtumishi wa manispaa anayechota maji ya bahari kila wiki yakapimwe, halafu majibu yakitoka anageuza kibao: kijani oga, chekundu usioge.

Binti wa Boya alikuwa na siku ya nne wodini, anaharisha na kutapika. Alikuwa ameogelea karibu na bomba la maji machafu. Na Chupa ndiyo kwanza ametoka kugeuza kibao. Kijani tena.

Fundi alisema ubaya ni mafuta wanayojipaka waogaji. Alipoona hakuna anayemjibu, akahamia kwenye meli zinazojisaidia huko mbali. Kikombe cha pili kilimkuta kwenye minara ya simu, eti inawatia vijidudu wazimu. Boya hakucheka.

— Chupa, ndugu yangu, maji unachota wapi?

— Si unajua. Ngazini, kule mbali na bomba.

— Kwa nini si bombani?

Chupa akaweka kikombe chini.

— Kaka, mwaka jana nilichota bombani. Kibao kikakaa chekundu miezi miwili. Nani alikuja nyumbani kwangu na mkewe kunililia? Nani alinishika mkono akanipeleka ngazini, akaniambia hapa hata viatu hulowi?

Ni Boya huyo huyo. Na mimi nisijitoe, wote tulikuwemo. Fundi alimshonea Chupa viatu bure, mimi nikamnywesha kahawa mwezi mzima, maana ufukwe ukifungwa hata birika langu linalala. Tulijiona wajanja kweli. Nikikumbuka najichukia.

— Basi leo kachote bombani, Boya akasema. Nakuomba.

— Nikichota, wateja huna. Mtoto utamtibu na nini?

Hapo ndipo akaja mama mmoja, taulo begani, kamshika mkono binti yake, umri ule ule wa aliyelazwa. Alikuwa amekisoma kibao lakini moyo wake haujatulia.

— Habari zenu, kaka zangu. Nyinyi ndio wa hapa. Mwanangu akioga haya maji, hataumwa?

Fundi akainamia kiatu. Chupa akaanza kufuta chupa iliyokuwa kavu. Mimi nikajifanya napuliza mkaa, nao ulikuwa unawaka vizuri tu.

Mama alisubiri, kisha akaona labda amewaudhi wenyeji kwa maswali. Akaomba radhi. Akamgeukia Boya.

— Basi tupatie boya moja, la mtoto.

Boya akainuka. Akachagua dogo, akalibonyeza mara mbili kuona kama lina upepo wa kutosha, akapiga goti, akamvisha yule mtoto kiunoni.