Mwalimu Lukasi Semboja na Mawe Yasiyotoa Povu

Ndugu waombolezaji, tunayemzika leo ni Mwalimu Lukasi Semboja, aliyezaliwa Lutindi tarehe 8 Machi 1934, mtoto wa tatu wa mzee Matayo na mama Grasiana.

Alisoma shule ya misheni hapa hapa, akahitimu ualimu mwaka 1956. Uhuru ulimkuta Korogwe akifundisha sayansi. Wanafunzi walimwita Mwalimu Povu, maana kila mwaka alidondoshea asidi ganda la yai, kisha akawaambia wasogeze masikio: “Sikieni! Kabonati inaachia hewa yake.”

Mwaka 1963 alifunga ndoa na Efrazia. Walijaliwa watoto wanne, mmoja alitangulia.

Mwaka 1974 alihamishiwa kijiji kipya upande wa Kwedizinga. Watu walikuwa wamebomolewa nyumba zao, wakaahidiwa shule na zahanati, na chokaa ya kujengea ichomwe papo hapo. Afisa mmoja akaonyesha kilima cha mawe meupe. Marehemu akayadondoshea asidi mbele ya mkutano. Kimya, halikutoka hata povu moja.

“Ndugu, haya si mawe ya chokaa. Tutamaliza kuni bure.”

“Mwalimu, hiyo chupa yako ina kadi ya chama?” afisa akamuuliza. Watu wakacheka.

Hata hivyo tanuri likawashwa, likawaka siku tisa mfululizo. Siku ya kumi jiwe lilipasuka kwa moto, kipande kikamtoboa Mama Efrazia jicho la kushoto. Alikuwa katika zamu ya kuni. Chokaa haikupatikana hata kibaba. Ripoti ya afisa yule ikasema mwalimu aliwavunja moyo wananchi, na Februari 1975 akaachishwa kazi. Aliandika barua kumi na moja akiomba ukweli uchunguzwe. Hakujibiwa hata moja.

Akarudi Lutindi kulima. Ukimwamkia, “Shikamoo mwalimu,” alijibu, “Marahaba, lakini mwalimu wa wapi?”

Aliugua figo tangu 1981, akafariki hospitalini Korogwe Jumanne, tarehe 14 Juni 1983. Siku tatu kabla, alimshika mkewe mkono. “Mama Eliasi, ningekuzuia usiende tanurini.”

“Wewe ulisema, Baba Eliasi. Wao ndio hawakusikia.”

Ameacha mjane, watoto watatu, Eliasi, Anjela na Ponsiano, na wajukuu wawili. Jana ofisi ya elimu ilileta salamu za kumsifu kuwa mjenzi wa taifa. Mama Efrazia ameomba zisisomwe.

Mungu ampe Lukasi amani ambayo sisi hatukumpa.