Laurenti Mughwai na Dakika Kumi za Jumamosi

Ndugu waombolezaji, huyu tunayemsindikiza leo, Laurenti Mughwai, alizaliwa hapa hapa Ihanja tarehe 14 Machi 1962, mtoto wa pili wa mzee Mughwai. Alimaliza shule ya msingi kijijini mwaka 1977. Darasani hakutia fora, ila redio ya baba yake aliifungua mara nne, na mara tatu ilirudi ikiongea.

Mwaka 1984 alikwenda Dar es Salaam kujifunza ufundi wa magari, akabobea kwenye viyoyozi. Mwaka 2001 alirudi na kufungua gereji Mandewa, mjini Singida. Watu walimcheka: Singida na upepo wake, nani anataka kiyoyozi? Oktoba walikuja wenyewe, jua limewaka na gesi imevuja, kwa sababu tangu Juni walikuwa wamekizima wakikimbia baridi. Marehemu aliwaelekeza, kwa ukali kidogo, wakiwashe dakika kumi kila wiki hata kipupwe, mafuta yazunguke na mipira inayozuia gesi isikauke. Mmoja wao, Mwalimu Melkizedeki, alitii, akaonekana mjini akiendesha amevaa koti zito, kiyoyozi kinavuma.

Alifunga ndoa na Magreth tarehe 16 Desemba 1989, wakajaliwa mtoto mmoja, Eliza. Magreth alifariki mwaka 2012. Eliza akapata kazi Nduguti, na Laurenti akabaki na upweke ambao hakuwahi kuusema, maana maongezi hakuyaweza. Kila Jumamosi saa kumi jioni alimpigia binti yake, akaitikia shikamoo, akauliza kama gari la Eliza limewashwa kiyoyozi zile dakika kumi. Eliza alijibu limewashwa. Basi, wakaagana.

Moyo ulianza kumsumbua Januari mwaka huu. Julai alilazwa mjini Singida, na Eliza akaja kumuuguza. Siku ya tatu Eliza alikiri kwa baba yake kwamba gari aliliuza miaka miwili iliyopita, na kila Jumamosi alikuwa akimdanganya.

“Najua, mama,” Laurenti alimwambia. “Aliyelinunua aliniletea nilijaze gesi.”

“Sasa baba, mbona uliendelea kuniuliza?”

“Ningekuuliza nini kingine?”

Hakurudi nyumbani. Alifariki tarehe 8 Agosti 2025 alfajiri, Eliza akiwa amemshika mkono. Ameacha binti huyo mmoja, na dada yake Leah, anayewasomea haya, ambaye naye hakumpigia simu vya kutosha.

Mungu amkaribishe Laurenti kwake, asikae peke yake tena.