Dada Yetu wa Masjala ya Chuo Kikuu

Ndugu, jamaa na marafiki, mimi ni mdogo wa mwisho wa marehemu. Kazi hii ya kusoma wasifu wake nilipewa na dada mwenyewe, akiniagiza, "Usinipambe. Soma tarehe sawasawa, halafu uketi." Tarehe nitazisoma sawasawa. Hilo la kutompamba nitajitahidi.

Dada yetu alizaliwa tarehe 6 Machi 1946, mtoto wa pili kati ya watano wa baba mwashi na mama mshonaji. Tulilala watano chumba kimoja, na yeye ndiye aliyepanga nani alale wapi. Nguo zetu alizikunja kwa mpangilio wa umri. Ukivuta shati kutoka katikati, unalo.

Alianza shule ya msingi mwaka 1953, akamaliza sekondari ya wasichana mwaka 1964. Baba alikuwa miongoni mwa waashi waliojenga ukumbi wa kwanza wa mihadhara wa chuo kikuu chetu. Siku moja alimpeleka kuuona, akapiga ukuta kofi na kusema, "Mwanangu, mimi nimeishia nje ya huu. Wewe uingie ndani." Dada alisomea uhazili mwaka mmoja, na tarehe 1 Agosti 1966 akaajiriwa karani wa masjala, mahali yanapotunzwa majalada ya wanafunzi wote. Chuo kilikuwa na wanafunzi mia mbili na kumi na wanne. Aliwajua wote kwa sura na kwa namba, nao wakamwita Mama Masjala kabla hajapata hata mtoto mmoja.

Huko masjala ndiko alikompata shemeji yetu, fundi umeme wa chuo. Aliitwa kutengeneza taa. Taa ile iliharibika mara saba mwezi mmoja, mpaka Msajili akauliza kama fundi ni huyo huyo mmoja. Walifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1970, wakajaliwa watoto watatu.

Februari 1979 wanafunzi waligoma. Kiongozi wao waliyemchagua alikuwa amefukuzwa kwa kudai wanafunzi wapewe kiti katika Baraza la Chuo. Chuo kikafungwa, mabweni yakaondolewa watu ndani ya saa mbili, na wanafunzi thelathini na saba wakafukuzwa. Wiki iliyofuata Makamu Mkuu wa Chuo wa wakati huo aliagiza majalada yao yachomwe kwenye tanuri la takataka, ili hata wakidai siku moja, pasiwe na karatasi ya kuonyesha kwamba waliwahi kusoma pale. Yalipotafutwa, hayakuonekana. Dada akaitwa ofisini.

"Mama, majalada yako wapi?"

"Yapo masjala, mzee."

"Yatoe."

"Kuyatunza ni kazi yangu, mzee. Kuyachoma siyo."

"Unajua unacheza na kazi yako?"

"Najua, mzee."

Walipekua masjala siku tatu, wasipate kitu. Dada alihamishiwa bohari ya mabweni, akawa mtu wa kuhesabu mashuka, na nyumba ya chuo wakanyang'anywa. Aliniambia baadaye kwamba siku ya kuhama alilia njia nzima, akijilaumu kuwaponza wanawe. Shemeji alikuwa amejitwika godoro kichwani. Akamwambia, "Mke wangu, nyumba tutapata nyingine. Wewe sitapata mwingine." Wakahamia vyumba viwili nyuma ya karakana.

Miaka sita alihesabu mashuka. Mwaka 1985 alikuja Makamu Mkuu mpya, akaunda kamati ya kuwarudisha waliofukuzwa, akamfuata dada bohari kwa miguu yake. "Mama, naambiwa wewe unajua." Dada aliweka shuka chini, akaenda moja kwa moja hadi masjala, kwenye kabati lililoandikwa "Mabomba ya Maji Taka", akatoa majalada thelathini na saba, yamepangwa kwa namba. Makamu Mkuu alicheka hadi akavua miwani. Dada akamweleza, "Katika miaka yangu yote hapa, sijaona mkubwa akiomba jalada la maji taka."

Ishirini na sita walirudi wakamaliza shahada zao. Mmoja alikuja bado ana futi ya kupimia shingoni, kwa maana alikuwa amegeuka fundi cherehani. Mwingine kati ya wale thelathini na saba alikuwa amefariki, na aliyekuja ni mama yake. Dada aliomba ruhusa, akabandua picha ndogo kwenye jalada, akampa. Mama yule hakuwa na picha nyingine ya mwanawe. Walikaa benchi moja mpaka ofisi ikafungwa.

Dada alirudishwa masjala, akastaafu tarehe 30 Juni 2001 akiwa mkuu wa kitengo. Shemeji alitangulia mwaka 2014.

Mwaka 2021 aligundulika na maradhi ya moyo. Hata wodini hakuacha ukarani. Alimwita muuguzi akamwonyesha kwamba karatasi ya mgonjwa wa kitanda cha jirani imewekwa kwenye jalada lake yeye dada, na ilikuwa kweli. Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia. Asubuhi ya Jumapili tarehe 11 Juni 2023 nilimkuta ameketi, amechana nywele. Akaniambia, "Mdogo wangu, chumvi nimekula ya kunitosha, na ilikuwa tamu." Saa nne na robo alitutoka, mkono wake ukiwa mkononi mwa binti yake mkubwa.

Ameacha watoto watatu, wakwe wawili, wajukuu wanane, kitukuu mmoja, na sisi wadogo zake wawili. Kwa miaka sabini na saba tuliyoazimwa mtu huyu, tunasema asante kwa aliyetuazima. Dada yetu na apumzike, amani imfunike.