Kopo la Gundi la Fundi Soli

Benchi letu liko mbele ya kibanda cha Fundi Soli, mshona viatu, na kahawa yake nauza mimi, kwa hiyo msinibishie, yote niliyasikia. Asubuhi hiyo alikuja mpwa wake Fundi, binti aliye mhadhiri wa kemia chuoni, tunamwita Dokta. Wiki tatu nyuma alimwachia mjomba wake kopo la gundi aliyoibuni mwenyewe kwa maganda ya korosho, gundi ya kushika soli hata ndani ya maji. Chuoni kwao kuna ofisi inayowasaidia watafiti kufungua kampuni, na ilikuwa tayari kumshika mkono. Ilitaka kitu kimoja tu: maelezo ya fundi aliyeitumia gundi kazini, nje ya maabara. Mwisho ulikuwa siku hiyo hiyo, saa sita mchana. Asipopeleka, nafasi anapewa mwingine na gundi inabaki kabatini.

— Haya mjomba, gundi imeendaje?

Fundi akainamia kiatu alichokuwa akishona, akasema kampuni ni jambo zito, haliendi kwa papara, kwanza tuzungumze. Si angenyamaza tu! Benchi likawaka.

Waziri, tunayemwita hivyo kwa utani, ambaye maisha yake yote hajawahi kuongoza kitu zaidi ya foleni ya maji, akajitangaza mwenyekiti wa bodi papo hapo. Akataka ofisi iwe ghorofa ya tisa, yenye lifti, maana kampuni ya chini chini nani ataiheshimu. Injinia, mtengeneza redio, akamwona mshamba.

— Viatu ni kujishusha. Gundi hii ni ya madaraja.

— Madaraja yapi? akauliza Waziri.

— Yote. Unajenga nusu huku, nusu kule, unabandika katikati.

— Na lori likipita kabla haijakauka?

— Tunaweka mlinzi.

Waziri akasema mlinzi huyo lazima awe chini yake. Injinia akakataa katakata, mlinzi ni wa idara ya madaraja. Wakahamia kwenye gari la kampuni, nani atakaa mbele, na hapo nusura washikane mashati. Mimi nami, Mungu anisamehe, nilishajipa cheo cha Mkuu wa Vinywaji. Dokta alikuwa anacheka na sisi, lakini kila mara jicho kwenye saa.

Ndipo akafika dada mmoja muuguzi, sare yake safi, kiatu cha kulia soli inaning'inia. Akapewa nafasi benchini, akatusikiliza kwa adabu mpaka daraja la tatu, kisha akamgeukia Fundi.

— Samahani, hiyo gundi umeshabandikia kiatu gani?

Waziri akamtazama Injinia, Injinia akatazama kikombe chake. Bodi tunayo, madaraja tunayo, na hakuna aliyewahi kuliona hilo kopo limefunguliwa. Fundi akainuka taratibu, akaingia kibandani, akatoka nalo limeviringishwa kwenye taulo jipya. Kifuniko hakijaguswa.

— Wiki tatu, mjomba?

— Niliogopa, mama. Ikigoma mikononi mwangu nitakuambia nini? Ukoo mzima tunajivunia wewe.

Nilidhani Dokta atafoka, na angekuwa na haki. Akaja akaketi karibu naye, bega kwa bega.

— Kule maabara imeshagoma mara arobaini na moja. Ikigoma, najua pa kurekebisha. Ukininyamazia ndiyo sijui kitu.

Fundi akajifuta uso kwa lile taulo, akafungua kopo, akachukua kiatu cha dada. Akakwangua gundi ya zamani kwa msasa, akapaka pande zote mbili, akasubiri, akapigilia nyundo. Kadiri alivyofanya kazi ndivyo aibu ilivyomtoka, akaanza kulalamika kama anavyowalalamikia wauzaji wote: nyepesi mno, inachuruzika ukingoni, na brashi yake iko wapi? Dokta alikuwa anaandika mbio mbio, uso umeng'aa.

Kilipokauka, dada akakivaa, akakitumbukiza kwenye beseni la maji la Fundi, akakaa hivyo huku sisi tumemzunguka wote. Alipokivua, Fundi akaivuta soli kwa koleo. Mbele kukaachia, upana wa kidole. Waziri akashika kichwa. Fundi akahamia kisigino, akavuta, akaegemeza mguu kwenye benchi, akavuta tena mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Kisigino kiko pale pale.

Akashona ile ncha kwa uzi, akamkabidhi dada kiatu chake, akakaa.

— Andika upeleke, saa sita bado, akamwambia mpwa wake. Fundi anasema ncha imeachia. Kisigino hakitoki hata kwa koleo. Umeandika?

— Nimeandika, mjomba.

— Andika na hili. Anataka kopo la pili.