Mahali pa Kuuliza

Kijiwe cha stendi ya Tororo kilikuwa na benchi moja, birika la kahawa la Zubaida, na wanaume waliojua kila kitu. Mutwalibu, ambaye watu bado walimwita Dereva, alikaa pale kila asubuhi na kofia yake ya kazi magotini. Basi la manispaa alilokuwa akiliendesha, wanajeshi walilichukua wakati wa mvua, wakasema wanaazima tu.

Ubishi wa siku hiyo ulikuwa uleule: basi liko wapi. Elungat, sajini wa polisi aliyestaafu, alisema linabeba wake wa maafisa kwenda harusini Jinja. Nasuru, fundi cherehani waliyembandika jina la Redio, alidai limefungwa mzinga na sasa linalinda ziwa.

— Breki yenyewe nilikuwa nabembeleza, Mutwalibu akasema.

— Ndiyo maana wameweka kwa maji, Redio akajibu. Huko breki ya nini?

Wakacheka kwa sauti ya chini, kama mji mzima ulivyojifunza kucheka. Wakahamia kwenye shule, ambazo madawati yake yalikuwa yakiishia kuwa kuni za jikoni kambini kwa wanajeshi, kisha kwenye polisi, ambao gari lao lilikuwa limeota majani. Mutwalibu alipenda mazungumzo hayo. Yalimfanya aone kama bado kuna mtu anayeuendesha mji, hata kama anauendesha vibaya.

Ndipo akaja mwanamke mwenye vumbi hadi magotini. Alisema anaitwa Akurut, ametembea kutoka Kwapa. Mume wake, mwalimu, alitolewa darasani na watu wa gari lisilo na namba. Polisi walimwambia aulize kambini. Kambini wakamwambia aulize ofisi ya elimu. Ofisi ya elimu ikamrudisha polisi.

— Wameniambia hapa kuna mzee alikuwa polisi, alisema. Mzee, naenda kuuliza wapi?

Elungat alikuwa ameandikisha kesi za watu miaka mingi. Aliweka kikombe chake chini. Zubaida akampa mama huyo kahawa, naye akaipokea kwa mikono miwili bila kuinywa.

— Usiulize tena, Elungat akasema. Ukiuliza sana watajua nyumba. Watoto wako wapi?

— Nyumbani, kwa mama mkwe.

— Vuka nao mpaka wa nchi leo. Kutoka Kwapa, mto wa Malaba si mbali.

Mutwalibu alijikuta amesimama. Njia za kule alizijua zote, ile ya malori na ile ya ng'ombe. Alijua pia kwamba mtu akikutwa kwenye ile ya ng'ombe na familia ya mwalimu aliyechukuliwa, hataulizwa mara mbili. Akavaa kofia.

— Nakusindikiza, mama. Tupite nyuma ya soko.

Akurut akarudisha kikombe kwa Zubaida, akashukuru. Alipiga hatua chache nyuma ya Mutwalibu, kisha akasimama na kuwageukia wale wa benchini, kama mtu aliyesahau jambo dogo.

— Na mwalimu akirudi, aliuliza, atatukuta wapi?

Mutwalibu alimngoja mpaka alipokuwa tayari, wakaondoka.